Mtungi Ulioanguka Taru

Taru, 1999

Kwa mama yangu mzazi, Lamu.

Shikamoo mama. Salamu zangu zitangulie maneno yangu, zikukute u mzima, wewe na baba na wote mlio nyumbani. Goti lako je? Na baba, bado anabishana na daktari kwa ajili ya chumvi? Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi. Ila moyo, mama, moyo umenielemea, na huku sina wa kumwambia.

Kazi ya bwana mifugo ni ile ile: nachanja ng'ombe, nazalisha mbuzi, natembea juani mpaka viatu vinalia. Zile mvua kubwa zilijaza malambo, watu wakasahau ukame. Sasa yamekauka, na akina mama wanatoka na madumu alfajiri, wanarudi adhuhuri. Nakwambia haya upate kuelewa kwa nini huku chombo cha maji ni mali.

Miezi mitano iliyopita kilianguka kitu. Kilishuka mchana kweupe, kwa mshindo uliotawanya mbuzi wote, kikatua shambani kwa jirani yangu, Mduruma mmoja, jina lake Nyawa. Tufe la chuma, limeungua nje, ukubwa kama sufuria ya pilau ya harusi, lina tundu moja tu. Na jepesi ajabu! Mkewe, Mbeyu, aliligonga kwa kidole likalia, akacheka: "Mungu kaniletea mtungi!" Nyawa akasema haraka haraka haina baraka, aitwe kwanza bwana mifugo, ndiye aliyesoma.

Basi nikaja mimi, msomi. Mama, hapo ndipo nilipokosea. Nilinusa, sikusikia harufu. Nikajaza maji, nikayaacha yakae, kisha nikamnywesha mbuzi. Ndivyo tunavyofanya tukipata dawa ngeni, tunaanza na mnyama mmoja. Siku tatu nikamtazama yule mbuzi: anakula, anaruka, hana tatizo. Nikawaambia, lisugueni kwa sabuni na jivu, mtumie. Mbeyu akaliweka ndani kivulini, likawa mtungi wake wa maji ya kunywa. Nyawa alikuwa malishoni ng'ambo ya reli, wiki baada ya wiki, kwa hiyo aliyeyanywa ni Mbeyu peke yake.

Miezi miwili iliyopita macho yake yakawa manjano. Kisha akaanza kutapika, akakonda, mikono ikawa inatetemeka. Nyawa akarudi na ng'ombe, asimtambue mkewe.

Tulimpeleka hospitali Mombasa, nami nikaingia ofisi moja ya serikali nikiwa na picha ya lile tufe. Bwana mmoja muungwana akaitazama, akaniambia ni kipande cha roketi, zile zinazopeleka setilaiti angani.

"Ya nani?" nikauliza.

"Hapo ndipo penye kazi, ndugu yangu. Zamani wenye kurusha walikuwa wakihesabika. Leo Wachina wanarusha, Wahindi wanarusha, Wajapani wanarusha, na wengine wanajifunza. Kila nchi yataka kupeleka chombo chake yenyewe, isibebewe. Kikipanda wanapiga vigelegele. Kikianguka, nani atasema ni changu?"

Na tufe halina hata herufi moja, moto umezila zote. Nikamwuliza ndani huwa kuna nini. Akasema kila nchi ina mambo yake: mengine ni hewa tu isiyodhuru, mengine ni sumu kali. Akaahidi ataziandikia balozi. Tangu hapo nimemwandikia mara tatu. Kimya.

Siwachukii wanaorusha, mama. Wakumbuka tulipokwenda Ngomeni kwa shangazi, baba akatuonyesha ile mitambo ya wageni ya kurushia roketi, iliyosimama baharini, mimi nikasema nikikua nitarusha yangu? Mlicheka mpaka mkalia.

Hospitalini daktari alimwuliza Mbeyu amekula nini, amekunywa nini. Hakulitaja tufe. Nilipolitaja mimi, akanikatiza kwa ile sauti kidogo iliyombakia: "Lile ni safi, daktari. Bwana mifugo alilipima mwenyewe."

Nikamwambia, dada, nilipima kwa mbuzi tu.

Akanitazama kwa huruma, utadhani mgonjwa ni mimi. "Na mbuzi si yuko mzima?"

Yuko mzima, mama. Jana nimemwona, ana mimba.

Daktari akasema huenda ni homa ya ini tu, huenda ni lile tufe. "Nikijua kilichokuwamo, nitajua pa kuanzia." Nikalileta kutoka Taru, wakalikagua ndani, wakakuta limetakata, limeshasuguliwa kwa sabuni na jivu, kama nilivyoagiza. Wote wakanigeukia. Mimi nimesomea kwato na kupe, mama. Nikatoka nje nikalia kwenye ukuta wa hospitali.

Nyawa hajanilaumu hata siku moja. Laiti angenitukana! Kila akija ananiletea maziwa, ananiambia, "Wewe ndiye ndugu yetu, usichoke." Nami nayanywa, nitayakataaje?

Mpe baba shikamoo yangu. Nisalimie dada Zuhura na shemeji, na shangazi wa Ngomeni akija, na mwalimu wangu wa chuoni. Mwambie anisomee dua, lakini aanze kwa Mbeyu, mimi baadaye.

Naikata hapa, ingawa maneno hayajaisha. Nyawa ameketi mlangoni pangu tangu nilipoanza kuandika. Hajui kusoma. Anaamini hii ni barua ya nne kwa serikali, na nimeshindwa kumwambia kwamba namwandikia mama yangu. Sasa hivi ameniuliza, "Umewaeleza kwamba hawezi tena kusimama?" Nimemjibu, nimewaeleza. Amevaa shati lake safi, maana bahasha ataipeleka posta yeye mwenyewe, kwa miguu.

Ni mimi mwanao,
Abdalla