Neno Nililoshindwa Kumwambia Veterineri

Zulaikha, uko? Ninamuua ng'ombe wetu kwa kuona haya tu.

Bihogo amezaa leo asubuhi, ndama mzima. Kisha kizazi chake chote kikatoka nje, kinaning'inia. Nikampigia mbio veterineri, yule daktari wa mifugo.

Akauliza, "Anaumwa nini, maman?" Baba mkwe amesimama pale pale, ananitazama. Nikasema tumbo. TUMBO, Zulaikha!

"Tumbo tu?"
"Tumbo tu."
"Basi nitakuja kesho." Akakata.

Kesho! Na damu inatiririka. Nimekifunika kwa kitenge chenye maji, nakishikilia kwa mkono mmoja. Baba mkwe hajaondoka. Ameniuliza, "Veterineri yuko njiani?" Nimeitika ndiyo.

Wewe huna haya. Namba yake hii hapa chini. Mpigie sasa hivi, mwambie kizazi. Mimi neno hilo nimeweza kuliandika tu.