Mlango wa Ratna

Jumanne, 9 Septemba 2025

Nimechoka. Miguu imevimba. Toka asubuhi nazunguka Xiaobei, hapa Guangzhou, ghorofa hadi ghorofa, natafuta kitambaa cha kanga kisichochuja rangi. Kila duka meiyou, meiyou — hamna, hamna. Basi semeni nikiwa chini, nisipande ngazi!

Kilichonifariji ni Ratna. Tamthilia ya Kiindonesia, Dar nzima haina habari nyingine. Huko inaonyeshwa saa tatu usiku, kwa sauti za Kiswahili. Wakati huo mimi huku nimelala fofofo, naipata kwenye simu baada ya swala ya alfajiri. Leo Ratna kagundua mumewe kaoa mke wa pili kwa siri. Kabeba begi, kasimama kizingitini, kasema: "Mlango nilotokea, sirudi kuugonga." Weee! Nilipiga kigelegele peke yangu. Kissa, ninayepanga naye hapa, akakurupuka akidhani tumevamiwa.

Yeye haelewi. Mimi naelewa. Nassor, mume wangu, alioa Tanga nikiwa huku natafuta mzigo. Habari niliipata kwa picha za watu kwenye simu. Wananipa pole, nami sijui kilio ni cha nani.

Ijumaa, 12 Septemba

Nassor kapiga. Yule wa Tanga wameachana. Mwezi ujao anakuja Guangzhou kwenye maonyesho, na anataka jibu akifika: ama nifunge biashara nirudi naye Magomeni, ama anipe talaka yangu, kila mtu ashike lake. Kasema kwa sauti ya upole, kama mtu anayeazima mwiko kwa jirani.

Nikamwambia jibu atalikuta. Kwa nini sikusema hapana palepale? Sijui. Ndoa ya miaka mingi si mchezo.

Kissa akanishangaa — "Dada, kwani neno hapana lina miiba?" Nikamwambia ngoja tamthilia iishe kwanza. Tukacheka. Lakini sikuwa natania, Mungu ananiona. Nataka nimwone mwanamke mmoja tu akitoka na asirudi, nijue inavyofanywa.

Jumamosi, 20 Septemba

Safia kapiga mara mbili kabla sijapiga mswaki. Ni mdogo wangu, ndiye anayeuza kanga zangu dukani Kariakoo. Dada, wanawake wanataka kanga ya Ratna, tusipoitoa sisi watatoa wenzetu! Ni kweli. Kanga ndivyo ilivyo. Neno likiwa midomoni mwa watu, leo ni leo. Wiki ijayo ni uji wa jana.

Na kiwanda kinafunga kwa sikukuu ya Oktoba. Tukikosa sasa ni mpaka katikati ya mwezi. Tamthilia inaisha tarehe mbili.

Kissa, na umbea wake wa Kimbeya: "Mnachapa kabla hamjaona mwisho?" Mwisho gani tena? Mtu keshasema harudi!

Nimechagua zambarau na njano. Pindo la korosho, na kwenye mji, pale katikati, mlango wa nakshi uliofungwa. Chini yake jina: MLANGO NILOTOKEA SIRUDI KUUGONGA. Laoban, bosi wa kiwanda, akaniuliza maana, simu ikamtafsiria. Akaguna tu. Mkewe aliyekuwa anakunja vitambaa akasogea, akasoma, akaninyanyulia kidole gumba. Huyo naye ana yake.

Jumatatu, 29 Septemba

Mzigo umetoka. Marobota mawili kwa ndege, uwanja wa Baiyun. Mengine yote bandarini Huangpu, kontena limeshafungwa. Nimelala mchana kutwa.

Safia kaweka picha ya kanga kwenye status. Nassor kaiona. Kaniandikia neno moja: "Nimesoma."

Nikamjibu ni biashara tu hiyo, mambo ya tamthilia. Uongo mtupu. Bibi yangu alimaliza mwaka mzima hasemi na wifi yake, wanajibizana kwa kanga tu, na hakuna aliyekosa kuelewa.

Ijumaa, 3 Oktoba

Karudi!

Ratna karudi!! Wiki nzima tunaambiwa mwisho utatikisa nchi, mwisho haujapata kuonekana. Ndio huu? Mume kakohoa — kakohoa tu, hata kulazwa hajalazwa! — naye huyo, na begi lilelile. Kagonga. Ngo ngo ngo. Kamera imekaa kwenye ule mkono unaogonga utadhani anapewa nishani. Kaingia moja kwa moja jikoni, kamtengenezea bwana chai, sukari kaitia bila hata kumuuliza. Kipimo anakijua. Muziki. Machozi. Kwisha.

Chai! Miezi mitatu mizima, kumbe tunapelekwa kwenye kikombe cha chai!

Kissa hakusema "si nilikwambia." Kanimiminia chai, nikaanza kucheka mpaka machozi. Yangu ya mkandaa, bila maziwa, chungu. Daktari alinikataza sukari, na Kissa huiita dawa ya mizizi.

Hata hasira sina. Nimechoka tu. Na naona aibu. Mtu mzima mimi, nimemwachia mwanamke wa kwenye televisheni anijibie mume wangu.

Na kanga ziko baharini. Nani atazirudisha?

Jumamosi, 4 Oktoba

Ujumbe wa Nassor, asubuhi na mapema: "Umemwona Ratna? Mwanamke mwenye busara."

Nimezima simu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Marobota ya ndege yalifika Kariakoo juzi. Nilimwambia Safia azifiche kwanza zile kanga, tutachekwa soko zima. Lini Safia kanisikiliza? Kazitundika mlangoni pa duka.

Kapiga leo, nyuma yake kelele za wanawake hata simsikii vizuri. Zinaondoka, dada! Walianza kwa kucheka kweli. Yako wapi, mbona kagonga? Halafu akaja mama mmoja wa makamo, kachukua doti nne, za binti zake. Kasema Ratna kashindwa yeye, maneno hayajashindwa. Basi duka likalipuka vigelegele.

Nimelia kidogo. Halafu nikanawa uso.

Basi jibu ninalo. Tumefanya mazoezi humu chumbani, Kissa ndiye Nassor, kajifunga taulo kiunoni: "Bibie, tufungashe twende nyumbani." Namwambia hapana. Ananibembeleza. Hapana. Ananililia, kapiga magoti, taulo linadondoka. Hapana! Neno jepesi kweli.

Jumatano, 15 Oktoba

Kafika jana. Leo baada ya alasiri kaja hapa. Kissa kajitia ana mteja, katoka mbio, kanifinya mkono akipita.

Mlango kagonga yeye. Hilo niliweke hapa, nisije nikalisahau.

Nilimngoja Nassor niliyemwacha. Huyu kakonda, shati linampwaya. Kavua viatu nje, kauliza kama anaweza kuingia. Nassor, kuomba ruhusa! Kakaa kwenye kile kiti kinachoyumba, hakulalamika. Ratna hakumtaja. Kanga hakuitaja. Kaniuliza, miguu bado inakuvimba? Miaka yote ile sikujua kama alikuwa anaiona.

Nikafungua mdomo niseme neno langu. Likatoka: ngoja nilete chai.

Chai! Mimi!

Niko jikoni, naandikia juu ya gunia la mchele. Maji yamechemka zamani. Nimejiambia nitulie kwanza, niandike, kisha nitoke nikaseme. Ni neno moja tu. Toka Ijumaa nalisema kwenye kioo, bafuni, sokoni, hata mbele ya laoban nililisema akadhani nakataa bei.

Kajikohoza. Kiti kimelia. "Bibie, usijisumbue huko, njoo tu tuzungumze."

Nimemjibu nakuja.

Kikombe kiko hapa mbele yangu, kimoja. Kina maziwa na tangawizi, na sukari vijiko vitatu, nimeshakoroga. Wala sikumuuliza.