Mtani Aliyelia Msibani

Rehema, mtani wangu,

Nimekaa ofisini kwetu hapa shuleni. Kiti chako kapewa mwalimu mgeni wa jiografia, na mimi nimempa mgongo asubuhi nzima kana kwamba yeye ndiye aliyekuua. Maskini, hana kosa. Mwenye kosa ni mimi, na nisipokwambia litanikaba.

Tangu ufariki nimepewa kidato chako cha tano. Wako palepale ulipowaacha, kwenye mashairi ya ulimbwende, ya wale Waingereza wa zamani waliokuwa wakizungumza na milima na upepo. Unakumbuka tulivyokuwa tukigawana? Wewe ulichukua yale ya furaha, yenye asubuhi na mito, ukayafundisha huku unawaonyesha milima ya Uluguru dirishani: "Nani kasema hii ni Ulaya? Si hapo tu!" Mimi nikachukua yale ya kukata tamaa, mshairi kakaa peke yake anaiita mauti. Nilivyokuwa nikiyasoma kwa sauti ya kutetemeka, we! Ulikuwa ukinisikia kupitia ukutani, kipindi kikiisha unanisubiri mlangoni. "Shoga, wewe hujafiwa bado. Ndiyo maana huzuni unaiona tamu."

Haya, sasa nimefiwa. Wiki iliyopita nilifungua shairi langu nililolipenda kuliko yote, nikasoma mistari minne, nikafunga kitabu. Hasira zilinipanda, Rehema. Mtu anaibembeleza mauti kama mchumba! Mimi nimeiona pale wodini ilivyokuwa ikikukatia pumzi mojamoja, wala haibembelezeki. Nikasema basi, niwasomee yako ya furaha. Lahaula! Hayo ndiyo yaliyonimaliza. Kila palipotajwa jua na umande nilikuona wewe unapandisha njia ya kwenu Kinole, ndizi mbivu mkononi, unakula na unaongea, hupumui. Nikageukia ubao katikati ya mstari. Wanafunzi wakainamia madaftari wakajifanya wanaandika.

Lakini kosa lenyewe nililifanya msibani kwako.

Ukoo wetu na wenu ni watani tangu enzi za mabibi. Ndugu wakilia, kazi ya mtani ni kuwachekesha. Ndivyo ulivyofanya wewe alipokufa babu yangu: ulivaa koti lake, ukaketi kwenye kigoda chake, ukamdai bibi chai yenye tangawizi mpaka bibi, mjane wa siku moja, akacheka akashika mbavu. Na kule hospitali ukanishika mkono ukaniambia, "Usiniangushe. Mama yangu asilie tu kutwa nzima." Nikakuahidi.

Siku ile Kinole, mama yako mdogo akanipa baibui lako na miwani yako. Nikatoka uani. Wanawake wamejaa mikekani, wengine wameshaanza kutabasamu kwa kuwa wanajua mtani kaja. Nilitakiwa nitembee ule mwendo wako wa mbiombio, niwagombeze kama wanafunzi wako. Nikafungua mdomo. Kwenye kioo cha miwani kulikuwa na alama ya kidole chako. Nikakaa chini kwenye vumbi, nikalia mpaka wakanibeba. Mama yako akanitazama, akasema taratibu, "Hata mtani analia? Basi mwanangu kafa kweli."

Naambiwa mama yako hali chakula. Naambiwa anakaa jikoni moto umezimika, na ukimsemesha, mara nyingi anakuangalia tu. Ni mimi nimemfanya hivyo. Wote pale walikuwa na ruhusa ya kulia, Rehema. Mimi peke yangu sikuwa nayo, na mimi ndiye niliyelia kuliko wote. Nikilala nalisikia neno lake, nikiamka nalisikia. Sijui mtu anaishije na neno kama lile.

Jumamosi ni arobaini yako. Mama yako kamtuma kijana wa bodaboda, "Mwambie mtani wetu asikose." Sijui ananiita anisamehe au anisute. Kicheko sina, haki ya Mungu sina. Jana nilijaribu mbele ya kioo, nikaonekana kama mtu anayeumwa jino. Lakini nitapanda Kinole. Nitakaa mlangoni kwenu nizuie watu wasipite, na nitamdai mama yako kuku mzima, ujira wa machozi niliyomwaga wakati si kazi yangu. Kama nitachekesha huku nalia, basi na iwe hivyo. Nakuahidi kwa mara ya pili, na safari hii sikuangushi.

Pumzika, mtani wangu. Mungu akutilie nuru huko uliko. Wenzangu walikuzika siku ile, mimi bado. Mama akicheka, hata kwa pua tu, nami nitakuwa nimekuzika.

Mtani wako,
Mwanahawa