Hesabu Alizoziruka Kaka Yangu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba kwa shikamoo yako. Sisi wa Mwandiga tupo, ingawa maharage ya mama yako yamekaukia shambani na sijui tutakula nini.

Unauliza kama urudie hesabu za sekondari kabla ya kuanza kalkulasi chuoni, au uende tu na wenzako. Nikusimulie ya kaka yangu Zabroni.

Tulipokimbia Burundi, shule ilitupita. Ya njiani nayaacha. Kambini mwalimu alituambia sisi wakubwa tuchague: kuanza na watoto hesabu za sehemu, nusu na robo, au kuingia sekondari moja kwa moja. Mimi nilikaa na watoto. Kaka aliona aibu, akaingia kwenye aljebra.

Haikupita muda akaacha kwenda. Nilimkuta amelala mchana, ameugeukia ukuta.

“Mwalimu anaongea, namsikia, lakini haiingii,” aliniambia.

“Njoo tukae wote kwenye nusu na robo.”

“Oya, hapana, mdogo wangu. Kichwa changu kimekufa.”

Hakikuwa kimekufa. Aljebra ile ilijaa sehemu, naye zilimpita tukiwa njiani. Mimi pia sikufika mbali, shule ilifungwa. Lakini nilijua nilipokwama. Yeye hakujua, na tumemzika akiamini ubovu ulikuwa wa kichwa chake.

Rudia, mjukuu wangu, hata wakikucheka. Siahidi kwamba utafaulu. Siku hizi siahidi kitu. Ila ukikwama, ujue ni wapi, usije ukajichukia bure.

Bibi yako,
Leokadia