Mstari Mweusi Kuzunguka Picha ya Mama Adela

Mpendwa Mshauri, Bi Kulsumu,

Shikamoo. Naomba msaada wako haraka, maana kuna mtu anakufa polepole na mkono unaomuua ni wangu. Mimi ni mpanga kurasa wa gazeti dogo la kila mwezi hapa Sumbawanga, na Juni mwaka huu wa 1953 nilipewa kazi ya jalada, picha ya Mama Adela wa Laela aliyeshinda mashindano ya wakulima kwa nafaka yake ya ulezi, nami nikajiona fundi wa rangi, nikaweka kijani pembeni kuwa ndiyo mavuno, kisha nikaizungushia picha mstari mnene mweusi ili macho ya msomaji yasitoroke, nikasahau kwamba mstari huohuo ndio ninaouweka kila mwezi ukurasa wa mwisho, kwenye picha za marehemu.

Gazeti likafika Kipili kwa kaka yake, Mzee Beda, ambaye hajui kusoma ila mstari ule anaujua, akanyoa nywele, akaweka matanga siku tatu, watu wakalia wakamaliza, ndipo wakapanda lori kuja kuliona kaburi, wakamkuta Mama Adela uani anapepeta ulezi. Hawakumsalimu. Mzee Beda alisimama mbali akasema, "Kilio kimeshaliliwa, dada. Hakirudi mikono mitupu."

Tangu siku hiyo majirani hawapigi hodi kwake, watoto wanamkwepa, chakula hawampi mkononi, wanakiweka chini na kuondoka. Nilimwendea Jumapili, nikamkuta amelala ameelekea ukutani, siku ya nne hajala, na nilipomwamkia akaniuliza taratibu kabisa, "Mwanangu, mmenizika wapi?" Nikaogopa, sikuweza kumwambia kuwa ni mimi. Mhariri naye amekataa kusahihisha, anasema wino ni wino tu. Nifanyeje?

Theodory, Mazwi

*

Theodory mwanangu,

Pole, lakini pole yangu ni fupi. Ulidhani rangi husema anachotaka mpangaji. Rangi husema kile msomaji alichozoea kuiona nacho. Kila mwezi umewafundisha watu wa Ufipa kwamba mstari ule ni kifo, leo unashangaa wameelewa somo? Na huyo mhariri, mwombe picha yake uizungushie wino huohuo, uone kama atakupa.

Sasa sikiliza. Kilio kile kinadai cha kuzikwa, basi kipewe. Chukua vyuma vinne vinavyochapa mstari huo, vifunge kwa kitambaa cheupe, uende navyo Laela. Mwite Mzee Beda na wote waliolia. Kiri mbele yao kwa kinywa chako. Chimba shimo, uvizike, na udongo wa kwanza autupe Mama Adela mwenyewe. Kisha kaa ule naye sahani moja, wote wakiona. Wakikutukana, nyamaza, umeyataka. Mhariri akiuliza vyuma vyake viko wapi, mwambie ni marehemu.

Toleo lijalo mrudishe jaladani, amesimama shambani, bila mstari wowote, picha ifike hadi ukingo wa karatasi, awe na pa kutokea.

Nakala uliyonitumia nimeshaukata mstari wake kwa mkasi, lakini mkasi wangu haufiki Laela. Usingoje ruhusa ya mtu. Binadamu huzoea kila kitu. Nenda kesho, kabla hajazoea kuwa marehemu.