Nimenyang'anywa Mtoto kwa Sababu ya Kifafa

Mshauri, shikamoo. Nisaidie, maana nimeambiwa nisikae na mwanangu mpaka nipone, na ugonjwa wenyewe ni kifafa ninachougua tangu darasa la nne. Mwezi uliopita nilikuwa nasonga ugali kwenye mafiga, sikumbuki kuanguka, nikazinduka mkono wa kulia umeungua mpaka kwenye kiwiko na wifi yangu Rose amesimama mlangoni analia, hakunivuta kwa sababu ameambiwa tangu utotoni kwamba ukigusa povu la mwenye kifafa unaambukizwa, simlaumu, na mwanangu Mogesi ambaye bado ananyonya alikuwa amelala chumbani, hakupatwa na kitu, lakini jioni hiyohiyo mama mkwe akambeba kwenda kwake akaniambia, "Ungekuwa naye mgongoni, leo tungezika." Na ni kweli. Sasa naletewa anyonye wakinitazama kisha anachukuliwa, mume wangu Erasto ananyamaza kwa kumheshimu mama yake, vidonge nimeacha kwa kuwa mama mkwe anasema vinaingia kwenye maziwa, na nimefikiria kudanganya kwamba nimepona ili nirudishiwe, ila naogopa. Mtoto wangu simwachi. Nifanyeje?

Felista, Nyamwaga

Marahaba, Felista. Pole sana kwa mkono, na pole kwa maziwa yanayojaa mtoto akiwa nyumba nyingine.

Kwanza, huo uongo uufute. Ukisema umepona utaachiwa mtoto na moto peke yako, na siku ukianguka hakuna aliyejiandaa. Pili, nani alikutuma uache dawa? Kesho rudi kliniki, mwambie muuguzi kwamba unanyonyesha na kwamba uliacha, akuelekeze namna ya kuanza tena. Wanawake wengi wanameza dawa za kifafa na wananyonyesha.

Mama mkwe wako hatari ameiona sawasawa, ila amekosea alipoamua kukutenga. Mafiga yaondoke. Erasto akujengee jiko la udongo lililoinuka, lenye kuta, sufuria ikae imara ndani yake, na upike mtu mzima akiwa karibu, mtoto asiwe mgongoni. Mogesi umnyonyeshe ukiwa umekaa chini kwenye godoro. Kumwogesha, tumia kitambaa na maji kidogo ya bakuli, mkiwa wawili. Mtoni usiende peke yako, na bafuni usifunge komeo.

Rose naye asikie: lile povu ni mate, haliambukizi mtu. Siku nyingine akuvute utoke motoni, akulaze ubavu, asikutie kijiko mdomoni, atazame saa. Dakika tano zikipita hujatulia, ni hospitali moja kwa moja.

Erasto, najua mkeo atakusomea haya. Leo nenda kwa mama yako, msalimie kwa adabu, mwambie kesho mnakwenda kliniki pamoja, yeye akiwemo, akaulize mwenyewe hayo ya maziwa. Mkirudi, mbebe Mogesi kwa mikono yako, umlaze kwenye mapaja ya mama yake, na ukae hapo hapo.