Kipima-mvua cha mama mkwe

Zawadi, acha wateja wa soko la Muyinga wangoje, unisome kwanza. Niko nacheka na aibu inaniua 😭

Unajua kile kipima-mvua cha proje, ule mradi wa ukame, tulikiweka kwa mama mkwe wangu huku Giteranyi? Leo ekipe ya wakaguzi imetoka Gitega kukiangalia. Wakikikuta kikavu, tunahesabiwa watu wa ukame na tunapewa mbegu ya maharagwe. Wakikuta maji, basi, tumekosa.

Na asubuhi nilikichungulia mi mwenyewe. Hata nzi angekufa kiu humo!

Shefu wao akainama, akachungulia. Akasema, "Madamu Merveille, hapa mvua imenyesha sana."

Sana! Vumbi iko inatupiga machoni, na yeye anasema SANA!

Nikamgeukia mama mkwe. Anatabasamu kama bibi harusi. "Wageni watoke Gitega yote hiyo, wachungulie chombo cha kwangu, wakikute kitupu? Uso wangu nitauweka wapi? Nimekijaza."

"Umekijaza maji, mama?"

"Maji nitatoa wapi na hili jua? Nimetia urwarwa."

Pombe ya ndizi, Zawadi. POMBE. Kwa kipima-mvua!

Shefu akanusa. Akaonja. Akaonja tena, eti ahakikishe. Alafu akakohoa, akasema kwa sauti ya ofisi: "Ukame umethibitishwa."

Mbegu inakuja, Mungu asifiwe. Ila wakati wa kupanda gari ameniita pembeni, ananiuliza pole pole kama mama mkwe anaweza kuchunga kipima-mvua cha pili.